Mzee, Una Swali?

Mzee wa kisa hiki hana jina, maana ni wa kusimuliwa, ingawa jirani yako akisoma anaweza kudhani nimemsema yeye. Ni mkulima wa viazi wa Kanzenze, wilayani Rubavu nchini Rwanda, juu kidogo ya Gisenyi, kwenye udongo mweusi wa volkano na mashamba yanayopanda na kushuka. Ameinama shambani tangu ujana. Nyonga yake ya kulia ilianza kumsumbua polepole: kwanza kinena kiliuma akipanda mlima, baadaye maumivu yakamfuata kitandani, mwishowe akawa anavishwa kiatu na mjukuu. Alikandwa, akafungwa majani na kunyweshwa mengine, akameza vidonge vya duka la dawa hadi tumbo likakataa. Ndipo akaenda kituo cha afya, akapewa rufaa ya hospitali ya wilaya, nayo ikampiga picha na kumtuma Kigali kwa daktari bingwa wa mifupa. Kutoka Rubavu ni zaidi ya kilomita 150 za kona juu ya kona, na nyonga iliyokwisha haikosi hata moja.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alimwonyesha picha kwenye mwanga: hapa gegedu limekwisha, hapa mfupa unasagana na mfupa. Akaeleza kwamba watakata kichwa cha mfupa wa paja, waweke kingine cha kutengenezwa, na kikombe kipya kwenye nyonga. Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote:

"Mzee, una swali?"

"Hapana, daktari. Wewe ndiye unayejua."

Binti yake, ambaye angeuliza, alikuwa nje kwenye foleni ya malipo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nasisitiza hilo, kwa sababu watu wakisikia kisa cha hospitali hutafuta kwanza wa kumlaumu. Kesho yake mzee alisimamishwa, akapiga hatua kwa magongo, na siku chache baadaye akaruhusiwa. Aliambiwa asikunje sana mguu, akaitikia kwa kichwa. Wiki ya tatu, alfajiri, aliamka kwenda chooni. Choo chake ni cha shimo, nyuma ya nyumba, kama vyoo vya majirani wote. Akaegemeza magongo ukutani, akashika nguzo, akachuchumaa kama alivyochuchumaa maisha yake yote. Kitu kikalia ndani ya paja, "ko!" Mguu ukageukia ndani, ukawa mfupi kuliko mwenzake, na kelele zake zikaamsha mtaa. Vijana walimshusha hadi barabarani kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo milima ya Rwanda imebebea wagonjwa na wazazi kwa vizazi vingi. Nyonga mpya ilikuwa imechomoka.

Daktari aliijua nyonga, hakukijua choo. Mzee alikijua choo, hakuijua nyonga. Swali moja tu, "Daktari, choo changu ni cha kuchuchumaa, nitafanyaje?", lingetosha, na lilikuwa la mzee kuliuliza, kwa kuwa hakuna bingwa atakayeliota.

Nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Ile uliyozaliwa nayo inashikwa na kano na utando uliokomaa pamoja nayo. Ya bandia, kwa majuma ya mwanzo, inashikwa na misuli iliyopasuliwa juzi na kushonwa. Mgonjwa akipasuliwa kutoka nyuma, njia inayotumiwa sana, paja likikunjwa kupita pembe mraba, au mguu ukipishanishwa na mwenzake, au ukigeukia ndani, tufe linaweza kuruka nje. Kwa hiyo wengi huambiwa wajihadhari kwa wiki 6 hadi 12. Kuchuchumaa kunakunja paja hadi likutane na tumbo. Kuna madaktari wanaopasua kutoka mbele, na wapo wanaolegeza masharti haya siku hizi. Basi muulize wako yeye anafuata yapi, usichukue ya jirani aliyepasuliwa kwingine.

Maswali ya kwanza, kwa hiyo, yatafute nyumbani kwako. Tembea ndani ya siku yako kuanzia unapofumbua macho. Kitanda chako kina urefu gani kutoka sakafuni? Unaketi kwenye kigoda ukimenya viazi? Unasali kwa kusujudu, au kanisani mnapiga magoti? Maji mnateka wapi, na nani atayateka wewe ukiwa kwenye magongo? Utapanda lini pikipiki, ambayo kwa Kanzenze ndiyo gari? Jembe utalishika lini? Na lile swali ambalo wanandoa hulimeza kwa haya, la lini warudi kuwa mume na mke: mabingwa wa mifupa wameshalizoea, na jibu lake lipo.

Tena majibu mengi ni ya seremala kuliko ya daktari. Kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo, kinamnyima mgonjwa sababu ya kuchuchumaa. Matofali chini ya miguu ya kitanda yanakiinua. Kigoda kinapisha kiti kirefu chenye mikono. Haya yafanywe kabla ya safari ya Kigali, maana mgonjwa akisharudi ndipo mnapogundua kwamba fundi yuko msibani.

Baada ya nyumba, mwili. Mzee wetu hakumwambia mtu kuhusu majani aliyokunywa wala vidonge vya duka la dawa. Alidhani atagombezwa. Dawa za maumivu za aina ile, aspirini, na dawa nyingine za kulainisha damu zinaweza kuongeza kutokwa na damu, na baadhi husimamishwa siku kadhaa kabla ya kisu. Dawa za mitishamba ni vivyo hivyo, na nyingine huingiliana na za usingizi. Beba kila unachotumia ndani ya mfuko, ukauweke mezani: "Daktari, ninakunywa hivi. Kipi niache, na lini?" Jino bovu, kidonda mguuni na mkojo unaochoma navyo si aibu za kuficha. Wadudu husafiri ndani ya damu, na wakitua kwenye chuma hawatoki kwa urahisi. Pengine watu hupasuliwa upya na kuondolewa nyonga yote. Ukisema mapema, utaahirishwa wiki chache utibiwe. Ni hasara ndogo.

Uliza pia kama ni lazima, na kama ni lazima sasa. Si kila nyonga inayouma inahitaji kisu mwaka huu. Fimbo ikishikwa mkono wa upande mzima (wengi huishika upande unaouma, na hapo inasaidia kidogo) hupunguza mzigo kwenye nyonga. Kupungua uzito na mazoezi ya viungo pia husaidia kwa muda. Daktari anayeelewa kazi yake hatakasirika ukimuuliza ungoje au usingoje.

Kuna swali linaloonekana la kitoto: "Ni mguu upi?" Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, walilazwa vijana wawili wenye jina moja la kwanza. Mmoja alikuwa apasuliwe goti, mwingine kichwa. Wakabadilishwa. Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, na huyu wa pili akafariki baadaye. Tanzania nzima ilitikisika. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya hatua 19 za kuhakikisha usalama kwenye chumba cha upasuaji, na moja kati ya hospitali 8 duniani zilizoijaribu ilikuwa ya Ifakara, huko huko Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hatua ya mwanzo kabisa kwenye orodha ile ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe yeye ni nani, anapasuliwa nini na upande gani. Mdomo wako, basi, umo katika vifaa vya chumba kile. Wakikuuliza, "Wewe ni fulani?" usiseme "ndiyo" tu, taja majina yako yote, mwaka wa kuzaliwa na mguu unaouma. Omba wauwekee alama kwa kalamu ungali macho.

Uliza vilevile unawekewa nini. Nyonga bandia ya kisasa inatokana na kazi ya daktari Mwingereza John Charnley, ambaye mwaka 1962 alianza kutumia kikombe cha plastiki ngumu ya polithini. Kabla ya hapo alikuwa ametumia Tefloni. Ililika upesi, na akalazimika kuwafungua tena wagonjwa wake mwenyewe. Karibu miaka 50 baadaye, 2010, kampuni ya DePuy ilirudisha kutoka sokoni nyonga yake ya chuma juu ya chuma iliyoitwa ASR, wakati watu wapatao 93,000 duniani walikuwa tayari wamewekewa. Waliokuwa na karatasi ya jina na namba ya kifaa chao walijua upesi kama wamo. Basi omba jina, ukubwa na namba ya kilichomo ndani yako, viandikwe au vibandikwe kwenye karatasi yako, uitunze pamoja na kitambulisho. Ukiuliza itadumu miaka mingapi, jibu la haki ni kwamba hakuna anayeahidi: uchambuzi wa 2019 ulikadiria kuwa nyonga kama 58 kati ya 100 hufika miaka 25. Takwimu zake zilitoka Australia na Finland, ambako sidhani wazee wengi hupanda mlima na gunia la viazi kichwani.

Fedha nazo zina maswali yake. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, hulipa asilimia 10 ya gharama hospitalini, mradi amepita ngazi za rufaa, na mwanzoni mwa 2025 serikali ya Rwanda iliamua upasuaji wa kubadili nyonga na goti uingie katika huduma za mituweli. Ni habari kubwa kwa mkulima. Hata hivyo uliza, kabla ya kupanda basi, kipi kimo na kipi hakimo: kifaa chenyewe, magongo, dawa za kuzuia damu kuganda, mazoezi ya viungo, na nauli za kurudi kliniki. Familia nyingi hujiandaa kwa bili ya chumba cha upasuaji zikaangushwa na nauli.

Na kama anayekupasua ni bingwa wa ng'ambo aliyekuja na timu kwa wiki moja, muulize nani atakushika mkono yeye akisharudi kwao. Hili lisikwepwe kwa adabu.

Kuuliza si ujinga, tunaambiana hivyo kila siku, halafu tukiona koti jeupe tunakuwa bubu. Mzee wetu hakunyamaza kwa kukosa akili. Alilelewa kwamba kumuuliza aliyesoma ni kumpima, na kumpima mkubwa ni utovu wa heshima. Malezi hayo ni mazuri barazani. Kwenye chumba cha daktari yanaumiza, kwa sababu daktari naye anahesabu ukimya wako kuwa umeelewa.

Aliporudishwa Kigali, nyonga iliingizwa mahali pake chini ya usingizi bila kupasuliwa tena, na bili ikaanza upya. Safari hii binti hakutumwa foleni. Aliingia na ukurasa wa daftari la shule.

"Daktari, samahani, baba hawezi kusema haya. Choo chetu ni cha shimo. Kitanda ni cha chini. Tunarudi kwa basi. Tufanyeje?"

Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Daktari alipomaliza, binti akasema, "Ngoja nirudie nilivyoelewa," akarudia, na sehemu mbili akasahihishwa.

Fanya kama binti huyo. Andika maswali machache, matano au sita, ya nyumbani kwako yakitangulia, maana muda wa kliniki ni mfupi na ya mwisho huliwa. Yaandike kwa lugha anayoimudu daktari. Kama ni Kifaransa au Kiingereza, mtafute mwanafunzi wa mtaani. Ingia na mtu mwenye masikio mazuri. Kabla hujaruhusiwa, uliza dalili za hatari: homa, usaha kwenye mshono, shavu la mguu kuvimba na kuuma, pumzi kubana ghafla, mguu kuwa mfupi. Halafu omba namba ya simu ambayo mtu ataipokea Jumapili usiku, na uipige mbele yao uone kama inaita.