Povu Lililozima Moto wa Mafuta

Mbele ya mafuta yanayowaka, maji hayafui dafu. Mafuta ni mepesi, hivyo maji huzama chini na kuuacha moto juu. Kibaya zaidi, yakikuta mafuta yamepata joto kali, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha huku na huko yakiwa yanawaka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa Baku, kando ya Bahari ya Kaspi, ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya mafuta duniani, na mioto ya namna hiyo iliusumbua sana. Mwalimu mmoja wa shule mjini humo, mhandisi Mrusi Aleksandr Loran, akatafuta kizimamoto kitakachoelea. Alifanya majaribio mwaka 1902 na 1903, na Muumba alikuwa ameshamtangulia kuweka jibu katika vitu vya kawaida kabisa.

Jibu hilo lilikuwa povu, lililotengenezwa hasa kwa bikaboneti ya sodiamu, ile ile soda inayoumua keki, na salfeti ya alumini, jamii ya shabu tunayosafishia maji. Kila moja ikiyeyushwa peke yake, hutulia. Zikutanishe, papo hapo kaboni daioksaidi inafoka, hewa ile ile tunayoitoa kila tunapopumua! Haidroksaidi ya alumini nayo hushika kuta za viputo na kuzikaza. Aghalabu kiliongezwa kidogo cha dondoo la mmea wenye mizizi mitamu, ili viputo visipasuke upesi.

Mtungi wa mkononi ulibeba dawa moja ndani ya chombo kidogo na nyingine ikakizunguka. Mzimaji aliupindua kichwa chini. Dawa zikachanganyika, povu likaruka kwa nguvu ya hewa yake lenyewe. Lilitanda juu ya mafuta kama shuka nzito, likayatenga na hewa na kuyapoza.

Baadaye yalikuja mapovu ya protini, yaliyotokana na kwato, pembe na damu ya wanyama. Hata kwato, ambazo machinjioni hutupwa, Mwenyezi Mungu alizitia uwezo wa kuokoa maisha. Ametukuka aliyeumba kila kitu na kazi yake.

Nawe msomaji, mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usiyamwagie maji kamwe. Funika kwa mfuniko, zima jiko, na usifunue mpaka yapoe.