Eliya Chini ya Mretemu
Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Nabii Eliya alikwisha kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, lakini kitisho kimoja cha malkia Yezebeli kilimkimbiza mpaka Beer-sheba. Huko alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Angalieni, ndugu: huyu alikuwa mtu wa Mungu, tena mwenye imani, wala hakuwa mvivu. Moyo wake ulikuwa umechoka.

Wako watoto wetu chini ya mti ule hata leo. Yuko kijana wa shule ya bweni, asiyekula wala kulala kwa hofu ya mtihani wa Novemba. Yuko binti aliyeshuka kutoka milima ya Usambara, akapanga chumba Korogwe au Muheza ili asome, naye jioni hana mtu wa kumwuliza ameshindaje. Yuko na yule ambaye matokeo ya Kidato cha Nne yalipotangazwa, aliona haya kurudi nyumbani. Na wako miongoni mwetu wasemao upesi: Huyu ana pepo, au, Huyu hasali, au, Huyu ataka kudekezwa tu.

Je, Mungu alimtendea nini Eliya? Hakumkemea. Kwanza alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, maana safari ilikuwa ndefu. Pili, huko Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini pale, naye akamwaga yote ya moyoni. Akaulizwa tena, akajibu yale yale, wala hakukatizwa. Tatu, alipewa Elisha, asiwe peke yake.

Basi na sisi tuifuate njia hiyo. Mzazi, kabla hujauliza alama za mtoto, mwulize alalaje na alaje. Asemapo, msikilize mpaka mwisho. Akikuambia ya kwamba hataki kuishi, usimnyamazishe wala usimwache peke yake. Kumwuliza waziwazi kama awaza kujiua hakumtii wazo hilo moyoni, bali humfungulia mlango wa kusema. Katekista, watembelee wanafunzi waliopanga vyumba. Nawe mwanafunzi, usimwache mtumishi wako Beer-sheba: mwendee mwalimu wa malezi, matroni au mchungaji, tena simu ya watoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Wala tusiwaogope matabibu. Mwaka 1896 wamisioni walifungua huko Lutindi, katika milima yetu, nyumba ya watoto waliookolewa utumwani. Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo yahudumu hata leo. Jina lake lisitajwe kwa dhihaka. Ampelekaye mtoto kwa tabibu hamwachi Mungu, kwa kuwa yeye aliyeleta mkate jangwani ndiye awapaye matabibu maarifa.

Na aliyeshindwa mtihani akumbuke: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Eliya aliyeomba kufa aliinuka, akapewa kazi mpya. Bwana atupe masikio ya kusikia, na miguu ya kuwaendea wanawe walioketi peke yao. Amin.