Kidole Nacho Ni Ulimi
(Kutoka 23:1, Yakobo 3:5-6)



Tukumbuke tarehe 1 Agosti 2018, siku Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Hapa Beni na Butembo maneno yalikimbia katika telefone kuliko ugonjwa wenyewe: Ebola haiko, ni biashara, chanjo inaua. Desemba uchaguzi ukaahirishwa kwetu, na wengi wakasadiki kwamba ugonjwa ulitungwa kwa ajili hiyo. Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Aprili munganga Richard Mouzoko akauawa akiwa kazini Butembo. Ugonjwa ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Nami mtumishi wenu naungama: wakati ule nilipokea sauti moja katika WhatsApp, nikaituma kwa jamaa zangu bila kuuliza ni nani aliyeisema. Moyo ulikuwa na woga, kidole kikawa chepesi.

Wandugu, sheria ya Musa haimhukumu mtungaji wa uwongo peke yake; inamkataza pia anayeueneza. Na Yakobo anatuonya kwamba moto mdogo huteketeza msitu mkubwa.

Intaneti si shetani. Inatuletea sauti ya mtoto aliye mbali, inatuonya juu ya njia yenye hatari. Lakini kabla ya kutuma, jiulize: Nani aliona? Naweza kusimama mbele ya kanisa na kulishuhudia neno hili? Kama huwezi, life mkononi mwako.

Bwana alinde vidole vyetu. Amina.