Juu ya Kung'arisha Chuma Kilichokwaruzwa

Swali nitakalo kulitazama hapa laweza kuonekana dogo kwa msomaji aliyezoea kusoma habari za haki na wajibu. Nalo ni hili: mtu aondoapo mkwaruzo juu ya chuma, huondoa kitu gani? Jibu la haraka ni kwamba huondoa mkwaruzo. Jibu hilo si kweli; na maadamu si kweli katika chuma, nadhani yafaa tuchungue kama ni kweli katika mambo ya watu, ambamo twalitumia kila siku bila ya kulipima.

Magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka ya 1950 na 1960 yalivishwa mikanda myembamba ya urembo, ubavuni, kuzunguka vioo na chini ya milango. Mikanda iliyo bora ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi. Chuma hiki kilipatikana katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley, ambaye hakuwa akitafuta urembo wa gari wala visu vya mezani. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Siri yake ni kromi, ambayo haina budi kufikia kiasi cha sehemu kumi na nusu katika mia. Kromi hiyo hushikana na oksijeni ya hewa ikafanya juu ya chuma utando mwembamba usioonekana, wenye unene wa sehemu chache za milioni za milimita. Utando ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe mara hewa ifikapo mahali palipojeruhiwa. Kwa hiyo chuma hiki hujiponya kutu. Lakini umbo lake hakiliponyi. Bonde lililochimbwa na mwiba au kokoto hubaki bonde, nalo utando mpya hulifunika kama lilivyo. Watu wengi husikia jina la chuma kisichoshika kutu wakadhani wamesikia jina la chuma kisichodhurika.

Katika Songea kuna sababu nyingi za kudhurika. Barabara ya kwenda Makambako ilipata lami katika miaka ya 1980, na ile ya kwenda Tunduru ilingoja miaka mingi zaidi. Gari lililotumika huko kabla ya lami lilipita katika vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope la rangi ile ile wakati wa masika. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zilizo ngumu. Dereva aipendaye gari yake hupangusa mikanda kwa kitambaa kikavu kila jioni, na kila apangusapo huikwaruza. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba mikwaruzo iliyo mingi haitokani na ajali wala na uzembe, bali hutokana na usafi. Wengine husugua kwa stili waya, ile ya kusugulia masufuria. Nyuzi zake huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida juu ya mkanda, navyo hushika kutu baada ya siku chache. Mwenye gari akaona madoa ya kahawia, akalaumu stenlesi kwa kosa ambalo si lake. Ni kutu ya kuazima.

Kazi ya kurudisha mng'aro ni ya taratibu, nayo yastahili kuelezwa kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Kwanza mkanda hubanduliwa garini pamoja na vishikizo vyake, kwa uangalifu, maana ukipindwa wakati wa kutolewa umepata jeraha jipya. Pakiwa na bonyeo, fundi huligonga kwa upande wa ndani, juu ya kipande cha mti laini, kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, mpaka lirudi katika usawa wake; palipozidi kuinuka hupitishwa tupa. Ndipo zamu ya msasa ifikapo. Msasa una namba, na namba ikipanda chembe zake huwa ndogo zaidi. Mkwaruzo wa kina huanziwa namba 240 au 320 pamoja na maji. Kisha hufuata 400, kisha 600, kisha 800, na pengine 1000. Kila namba mpya hupitishwa kwa kukingama na mistari ya ile iliyotangulia, na fundi hodari hapandi namba mpaka mistari ile imetoweka yote. Mwisho huja gurudumu la kitambaa cha pamba na dawa ya kung'arishia. Hapo nako kuna hatari, kwa kuwa akikandamiza mno chuma hupata moto kikageuka rangi, na kazi haina budi kurudi nyuma.

Msomaji ataona kwamba katika shughuli hii yote hakuna mahali ambapo mkwaruzo ulizibwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno yao ni kweli juu ya ufa, kwa kuwa ufa huongezewa udongo. Mkwaruzo hauongezewi kitu. Fundi huushusha uso wote wa mkanda mpaka ulingane na sakafu ya lile bonde. Yaani sehemu nzima isiyokuwa na kosa huondolewa ili sehemu moja yenye kosa isionekane. Na kila namba ya msasa huondoa mikwaruzo kwa kutia mikwaruzo mingine iliyo midogo zaidi, hata ikawa midogo mno kwa jicho kuitenga. Mng'aro ndio huo. Mtu mwenye haraka arukaye kutoka 240 hadi gurudumu la pamba hupata malipo ya ajabu: bonde hubaki, nalo hung'aa. Kabla ya kazi lilikuwa limejificha katika wepesi wa rangi; sasa laonekana toka ng'ambo ya barabara.

Yuko atakayesema kwamba kazi hii ni udanganyifu, hasa gari likitengenezwa ili liuzwe. Sikubaliani naye, ingawa nafahamu asemalo. Udanganyifu upo palipo na kubandika. Anayejaza puti katika bati lililobonyea na kupaka rangi juu yake ameweka kitu kisichokuwapo na kukiita bati. Vivyo hivyo mkanda uliochovywa kromu juu ya chuma cha kawaida: uso wake ni wa kuvikwa, na ole wake fundi atakayeupitisha msasa, kwani baada ya dakika chache hukutana na tabaka za chini, kisha chuma, kisha kutu. Sumaku haimsaidii kuvitofautisha, kwa maana stenlesi nyingi za mikanda ya magari nazo hushikwa na sumaku. Humfaa kutazama kama uso una malengelenge na maganda. Lakini stenlesi iliyosuguliwa haijavikwa neno. Iliyo juu ni ile ile iliyokuwa chini. Mnunuzi aonapo mng'aro, aona chuma chenyewe, naye hakudanganywa juu ya asili yake. Kama amedanganywa ni juu ya unene.

Hapo kwenye unene ndipo penye shida. Mkanda wa urembo aghalabu haufiki milimita moja. Wenye mikwaruzo ya kina hupoteza sehemu ya mwili wake kila ung'arishwapo, na mwili huo haurudi. Basi tuulize gharama yamwangukia nani. Mwiba uliokwaruza umo porini, haujapungua. Kokoto imo barabarani, haikumbuki. Anayepungua ni yule aliyekwaruzwa. Katika chuma hatuoni dhuluma yoyote, kwa sababu mwiba hauna hiari na mkanda hauna uchungu. Lakini sisi tumeichukua sheria hii ya karakana tukaipeleka barazani. Wawili wakigombana, mmoja akamdhuru mwenziwe, wazee na jamaa humwendea aliyedhurika wakamwambia: yaache, yameisha, sahau. Wanataka uso wa ukoo ulingane. Hawamwendei aliyedhuru wakamtaka apungue. Kwa lugha ya fundi, wamemsugua mkwaruzwa mpaka afikie sakafu ya bonde lake mwenyewe, kisha wakausifu mng'aro wakauita amani.

Mji wa Songea una sababu kuliko miji mingi ya kulifikiri jambo hili. Jina lake ni la Songea Mbano, mmoja wa wakuu wa Wangoni waliopigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari, 1906, mashujaa wa Kingoni walinyongwa hapo, nao ni 67 kwa hesabu inayoadhimishwa mjini humo. Makumbusho ya Maji Maji yamejengwa karibu na makaburi yao, na kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa. Nimewahi kusikia watu wa heshima wakisema kwamba ukumbusho wa namna hii hauna faida, kwamba yafaa kutazama mbele, kwamba jeraha la zaidi ya miaka mia halina haja ya kuonyeshwa kwa wageni. Sidhani kuwa wana nia mbaya. Nadhani wamezoea kupenda uso ulio sawa, wala hawajauliza ni unene wa nani utakaopunguzwa.

Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo, akakutana na watu wa ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wao. Ukoo umekuwa ukilitafuta fuvu la mzee wao, linaloaminika kuwa lilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Siku ile lilikuwa halijapatikana, na mgeni aliahidi kusaidia kulitafuta. Alisema pia kwamba atazichukua habari hizi kwenda nazo kwao, ili watu wengi zaidi wa nchi yake wazijue. Waliopima ziara ile walibishana kama maneno yalitosha bila ya malipo, na ubishi huo ni wa haki. Mimi nataka kutaja jambo moja tu. Kuzipeleka habari kwao ni kukubali kwamba msasa upite upande wa pili, juu ya uso wa nchi iliyokwaruza, ambayo kwa muda mrefu ilipata kung'aa bila ya kupungua. Kama msasa huo utapita kweli, au utaishia katika gurudumu la pamba, ni neno la kutazamwa kwa matendo.

Wala nisidhaniwe kuwa nawahimiza watu waache mikanda yao na vumbi lake. Mikwaruzo iliyo mingi haina historia. Ni ya kitambaa kikavu na jioni za kiangazi, na kuiondoa ni heshima kwa kitu kilichotengenezwa vizuri. Hata hivyo mwana aliyerithi gari la baba yake huenda akawa na mstari mmoja mlangoni, uliotiwa na nguzo ya lango la nyumbani usiku fulani, ambao hataki uguswe. Hana deni la kueleza kwa nini. Fundi anayeijua kazi yake humwuliza kabla ya kulowesha msasa, upi uondoke na upi ubaki, kisha huubonyeza mkanda kwa kidole gumba, polepole, toka ncha hata ncha, kuona kama bado una unene wa kutosha. Ukimlegea, humrudishia mwenyewe kama ulivyokuja.