Wasii Ni Mwenye Amana, Si Mwenye Mali

Ndugu zetu Waislamu, mtu akifa hapa Kayole akaacha ploti yenye vyumba vya kupangisha, mara nyingi mambo huwa hivi: arubaini haijatimia, na mwana mkubwa, au ami, ameshapita mlango kwa mlango akiwaambia wapangaji ya kuwa kodi sasa waitume kwa simu yake. Mjane hunyamaza kwa kuona haya. Mabinti huambiwa wao wameolewa, wana waume zao. Mwaka hupita, na wa pili, na mwenye kukusanya akiulizwa hujibu kuwa jambo liko kortini, hapana cha kugawa.

Jawabu hiyo haina mashiko katika sharia ya Mwenyezi Mungu wala katika sheria ya serikali.

Ama katika dini, haki ya warithi huthibiti kwa mauti yenyewe, baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Na mahari ya mjane ambayo hayajalipwa ni deni kama madeni mengine. Hulipwa kwanza, kisha ndipo lihisabiwe fungu lake. Pilau ya arubaini haimo katika hesabu hiyo. Atakaye kupika na apike kwa mali yake, asiwapikie watu mali ya mayatima, na walao wakumbuke onyo lililomo katika Suratun-Nisaa, aya ya 10.

Tuchukue mfano. Maiti ameacha mke mmoja, wana wawili wanaume na mabinti watatu, wala hana wazazi walio hai. Kodi, baada ya matengenezo na madeni, ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Mke ana thumuni, 10,000. Kila mwana mwanamume 20,000. Kila binti 10,000, awe ameolewa au hajaolewa. Basi kaka azuiaye zote 80,000 anakula kila mwezi 60,000 za watu, hata akiwa wa kwanza katika safu ya Alfajiri.

Ama sheria ya nchi ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Tangu 1990 mafungu ya mali ya Muislamu huenda kwa sharia yetu, lakini usimamizi wa mali hufuata sheria hiyo pale isipopingana na dini. Wasii aliyetajwa katika wasia, akishapata hati ya korti, uwezo wake huhisabiwa tangu siku ya mauti. Msimamizi wa mali isiyo na wasia huanza siku aliyopewa hati, si kabla. Na ajitiaye katika mali ya maiti bila ya idhini ya sheria amefanya kosa, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Kweli, kwa hati ile mali huwekwa mikononi mwa msimamizi, na hapa ndipo wengi wanapoghurika. Imewekwa kwake kama amana. Hawezi kuuza nyumba wala ardhi, wala kugawa rasilmali, mpaka korti iithibitishe hati, na kwa desturi hilo hungoja miezi sita. Lakini kodi ni jambo jingine! Kifungu cha 55, kile kile kinachozuia ugawaji, kimeyatoa mapato yaliyopokewa baada ya mauti katika zuio hilo. Basi udhuru wa kesi kuwa kortini hauwezi kuifunika kodi ya kila mwezi.

Tena msimamizi amewajibishwa kuipa korti, katika miezi sita tangu kupewa hati, orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu. Mrithi yeyote aweza kuiomba korti imdai hesabu hiyo. Wala asidhani aliyeachwa nje ya barua ya chifu, ile yenye kutaja warithi, kuwa mlango umefungwa: hati iliyopatikana kwa kumficha mrithi yaweza kubatilishwa chini ya kifungu cha 76, hata baada ya kuthibitishwa. Na aende mapema, kabla ploti haijauzwa kwa mtu wa mbali.