Aliyezitunza Nguo za Wauaji

Stefano alipotolewa nje ya mji wa Yerusalemu ili apigwe mawe, wale waliompiga walivua nguo zao, wakaziweka miguuni pa kijana mmoja aitwaye Saulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi popote kwamba kijana yule aliokota hata jiwe moja. Alisimama, akatunza nguo, na moyoni mwake aliona kuwa linalotendeka ni jema. Miaka mingi baadaye, Saulo alipokuwa amekwisha kuwa Paulo Mtume, aliwasimulia watu wa Yerusalemu habari za maisha yake. Hakujitetea kwa kusema kwamba hakutupa jiwe. Aliitaja damu ya Stefano, akazitaja na zile nguo, akajihesabu pamoja na wauaji.

Habari hiyo yafaa ikumbukwe kila mara watu wanapokaa hukumuni kutafuta ni nani aliyeua. Maana mauaji makubwa ni nadra kuwa kazi ya mtu mmoja. Yuko atoaye amri, yuko atoaye mali, yuko achukuaye watu kwa gari, yuko afumbaye macho. Kila mmoja akiulizwa huonyesha mikono yake, na mikono hiyo huenda kweli haina tone la damu. Je, dhambi imekwenda wapi? Imegawanyika katika vipande vidogo hata ikapotea?

Wakristo wa Kilwa waliulizwa swali hilo kwa njia chungu kabisa. Kilwa inayosemwa hapa si ile ya pwani ya Waswahili yenye magofu ya misikiti. Ni mji wa wavuvi kando ya Ziwa Moero, katika Katanga ya Juu, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Zambia. Lubumbashi iko mbali, yapata kilomita 350, na njia yake ni taabu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, kikatangaza kwamba kimeutwaa. Watu wengi walikimbia. Tarehe 15 Oktoba askari wa serikali, wa Brigedi ya 62, wakafika, wakaurudisha mji mikononi mwao upesi. Yaliyofuata ndiyo yaliyoleta kesi: nyumba ziliporwa, watu walikamatwa, na wengine walipelekwa Nsensele, nje ya mji, wakauawa na kufukiwa pamoja. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu wafu wasiopungua 73, na katika hao 28 walisemekana kuuawa bila kuhukumiwa na mtu.

Askari wale walifikaje Kilwa? Yapata kilomita 50 toka hapo ulikuwako mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, uliochimbwa na Anvil Mining, kampuni ya watu wa Australia na Kanada. Bandari ya Kilwa ilikuwa mlango wa mgodi huo. Kampuni ilikuwa na magari, ilikuwa na ndege ya kukodi, na vyombo hivyo vilichukua askari. Wakubwa wa kampuni hawakukana kwamba vilitumika. Walisema kwamba serikali iliamuru vitolewe, kwamba wao hawakuwa na hiari, na kwamba hawakujua yatakayotendeka.

Mwezi wa Desemba 2006 kesi ilianza mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Katanga, mjini Lubumbashi. Walioshtakiwa walikuwa Kanali Ilunga Adémar aliyewaongoza askari, askari wengine wanane, na wafanyakazi watatu wa kigeni waliokuwa wa ile kampuni. Hao watatu hawakushtakiwa kwa kushika bunduki. Neno walilopewa kulijibu lilikuwa hili: kwamba kwa hiari yao hawakuyaondoa magari mikononi mwa askari, na kwa hivyo walisaidia uovu hali wanajua. Msomaji asipite hapo kwa haraka. Mashtaka mengi duniani humwuliza mtu amefanya nini. Shtaka hili lilimwuliza ameacha kufanya nini, na swali hilo ndilo ambalo kila Mkristo huliungama katika Misa anapotaja makosa ya kutotimiza wajibu.

Hukumu ilitolewa tarehe 28 Juni 2007. Mahakama iliona kwamba watu wa Kilwa walikufa katika mapigano, ikawaachilia washtakiwa wote kwa habari ya mauaji yale. Kanali na askari kadhaa walipatwa na hatia ya makosa mengine, yasiyohusu siku ile. Mwendesha mashtaka aliyeanza kesi alikuwa amekwisha kuhamishwa kabla haijafika mwisho. Louise Arbour, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, alisema hadharani kwamba hukumu hiyo imemtia wasiwasi. Wenye kufiwa walikata rufaa, wasifanikiwe. Mwaka 2010 jambo likapelekwa Montreal, nchini Kanada. Jaji wa kwanza alikubali kulisikia, wakubwa wake wakakataa, na mwezi wa Novemba 2012 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile haikutaka kuligusa. Mlango ukafungwa huku, ukafungwa na kule.

Basi hapo hutokea watu wa namna mbili. Wa kwanza husema: mahakama imekwisha kunena, kwa hiyo hakuna aliyekosa, na anayeendelea kulia ni mchochezi. Wa pili husema: mahakama haifai kitu, na fulani ni muuaji, naye hulitaja jina la mtu huyo sokoni na kwenye pombe. Katekista hana budi kuwajibu wote wawili, na jibu la kila mmoja latoka katika amri tofauti.

Yule wa pili aikumbuke amri ya nane. Mtu aliyeachiliwa na mahakama ana haki ya jina lake, hata kama mahakama hiyo ilikuwa na kasoro. Kumhukumu mwenzako bila ushahidi wa kutosha ni dhambi, wala uchungu wa kufiwa hauigeuzi kuwa haki. Jambo hili ni gumu kumwambia mjane, na padri anayelisema kwa ulimi mwepesi afadhali anyamaze. Lakini wa kwanza naye asijifiche nyuma ya amri ya nane. Kusema kwamba watu walikufa Nsensele, na kutaja idadi yao, si kumsingizia mtu yeyote. Ni kuwapa wafu heshima yao. Tena mahakama ya wanadamu huuliza neno moja tu: je, shtaka limethibitika juu ya mtu huyu? Ikisema halikuthibitika, haijasema kwamba mkono wake ni safi mbele ya Mungu, maana haikupewa macho ya kuona hayo.

Nchi nyingine zilikutana na taabu ya namna hiyo zikatafuta dawa. Huko Marekani zilikuwako jamaa za wahalifu, watu waliofungwa kwa kiapo kuliko kwa damu, walioishi kwa kutoza watu mali kwa vitisho na kwa kuua waliokataa. Mkubwa wa jamaa hakushika silaha. Polisi walipomkamata kijana aliyefyatua risasi, mkubwa alikuwa mezani akila na wajukuu wake, na kesho yake alipata kijana mwingine. Mwaka 1970 ikawekwa sheria mpya ya kushtaki shirika lenyewe la uovu, na wote walioliendesha. Kwa sheria hiyo wakuu wa jamaa kadhaa walisimamishwa pamoja mbele ya mahakama ya serikali kuu mjini New York, wakapatwa na hatia mwezi wa Novemba 1986. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata baadhi yao walipewa kifungo cha miaka 100. Mahakama haikuishia kuuliza ni nani aliyepiga risasi. Iliuliza pia ni nani aliyekuwa wa nyumba ile hali akiijua kazi yake.

Kuna mtu ambaye angependa kuichukua sheria ile nzima na kuileta Katanga. Apunguze mwendo kidogo. Jamaa ile ya wahalifu ilikuwapo kwa ajili ya uovu. Ukiuondoa uovu, haibaki na kazi. Mgodi upo kwa ajili ya shaba, na jeshi lapaswa kuwapo kwa ajili ya kulinda raia. Kazi zote mbili ni halali. Wavu uliotengenezwa kunasa genge, ukitupwa juu ya kazi halali, waweza kumnasa mpishi na karani pamoja na mkosefu. Kwa hiyo swali la Kilwa ni gumu kuliko lile la New York. Kule watu walikutana ili kutenda mabaya. Hapa kila mmoja angeweza kusema kwamba alikuwa akitenda wajibu wake wa siku zote.

Katekisimu za zamani zilikuwa na fundisho ambalo watoto walilikariri, na wengi wakalisahau mara baada ya Kipaimara. Fundisho hilo lilihesabu njia tisa ambazo mtu hushiriki dhambi ya mwingine: kwa kushauri, kwa kuamuru, kwa kukubali, kwa kuchochea, kwa kusifu, kwa kuficha, kwa kushiriki faida au tendo, kwa kunyamaza, na kwa kutetea ubaya uliokwisha kutendeka. Katika njia hizo, ile ya kunyamaza ndiyo yenye wateja wengi. Mfalme Ahabu alilala kitandani na kugeuza uso wake ukutani. Yezabeli ndiye aliyeandika barua, wazee wa mji wakatii, mashahidi wakasema uongo, na Nabothi akafa kwa mawe ya umati. Kwa hesabu ya polisi Ahabu hakufanya lolote. Hata hivyo nabii Elia hakumwendea mashahidi wala wazee wa mji. Alimwendea Ahabu katika shamba la mizabibu, alipokuwa akishuka kulitwaa.

Kanisa, hata hivyo, halihukumu kila ushirika kwa mizani moja. Wataalamu wa maadili hutofautisha yule anayeutaka uovu moyoni, ingawa mkono wake ni dhaifu, na yule asiyeutaka, ila kitendo chake kimetumiwa na waovu. Wa kwanza ni mwenzi wa muuaji. Wa pili huulizwa maswali: Je, alijua? Alijua lini? Alikuwa karibu kiasi gani na tendo lenyewe? Akikataa angepatwa na nini, naye angeweza kuzuia nini? Dereva aliyeamriwa na mwenye bunduki kuwasha gari hawezi kuhesabiwa sawa na mkubwa aliyetoa amri. Woga mkuu hupunguza hatia, na mara nyingine huiondoa. Asiyekubali hayo huyo hajawahi kusimama mbele ya mtutu.

Lakini maswali yale yana wakati wake. Safari ya kwanza ya lori, huenda dereva hajui. Ya pili, amekwisha kuona. Kati ya safari ya kwanza na ya pili ndipo dhamiri hupata mahali pa kusimama, na shtaka la kutoyaondoa magari, likithibitika au lisithibitike kwa sheria, liliweka kidole mahali hapo hasa.

Kwamba inawezekana kukataa, Kongo ina shahidi wake. Siku chache baada ya hukumu ya Lubumbashi, mwezi wa Julai 2007, kijana Floribert Bwana Chui aliuawa mjini Goma. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Walimletea fedha apitishe chakula kilichooza. Fedha hizo alizikataa, na chakula kile hakikupita. Hakuna ambaye angemwita muuaji kama angepiga mhuri. Watu wangekula sokoni, wangeugua nyumbani mwao, na muhuri ungekaa kimya katika faili. Yeye aliwaona walaji ambao hakuwajua. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwezi wa Juni 2025. Haifai kumtumia kumtwisha dereva wa Kilwa mzigo wa ufiadini, kwa maana ufiadini ni neema. Yafaa tu kumtaja mbele ya wenye ofisi, wasemao kwamba muhuri hauna dhambi.

Yabaki neno la malipizi. Mwizi akiungama huambiwa arudishe alichoiba, na aliyeshiriki katika madhara hudaiwa sehemu yake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeiona serikali ya Kongo kuwa na hatia katika jambo la Kilwa. Tume iliamua wadai wanane na jamaa zao wapewe fidia ya mamilioni ya dola, serikali iombe radhi, na kesi ifunguliwe tena juu ya wote waliohusika. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wangali wakidai. Lakini katika uamuzi ule limo jambo moja lisilongoja hazina ya serikali: miili ya Nsensele ifukuliwe, izikwe kwa heshima.

Kufukua kwahitaji kujua mahali. Wako watu waliokuwa hapo, waliochimba, waliochukua, waliosimama kando. Sheria haikuwapata na huenda haitawapata kamwe. Mmoja wao akienda kwa mkubwa wa mtaa, au kwa padri wa misheni, akamwongoza hadi mahali penyewe na kusema ni hapa, mama mmoja wa Kilwa ataweza kumzika mwanawe.