Kumlisha Mgonjwa Asiyeweza Kumeza: Nia Njema Inatosha?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ramadhani iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Rumonge. Adhana ya magharibi ilipotoka nilimpa babu tende, kisha kikombe cha maji, nikamhimiza: "Kunywa upesi babu, watakimu sasa hivi." Akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, nami nikawa nampiga mgongoni na kusema pole. Siku ya tatu alishikwa na homa, kifua kikajaa. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba yaelekea kitu fulani kilipita njia ya hewa kikaingia mapafuni. Tangu siku ile swali moja haliniachi. Nilikusudia thawabu ya kumfuturisha aliyefunga. Je, nilitenda wema?

Babu alikuwa mvuvi wa ndagala, wale wanaotoka na taa usiku na kupumzika mwezi unapokuwa mkubwa. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, watu wakasema ni baridi ya ziwa imemwingia. Wengine walinong'ona mambo ya majini na uchawi. Hata zahanati moja tuliyompeleka mwanzo walisema ni uzee tu. Miaka ikapita kabla hatujaambiwa jina lake: ugonjwa wa Parkinson. Wala hili si letu peke yetu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wengi wa wenye ugonjwa huu hawakuwahi kuambiwa na mganga yeyote kuwa wanao.

Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, na tangu hapo alitaja taabu ya kumeza na mate yanayotiririka. Sisi tunaujua kwa kutetemeka, lakini ndani yake kuna ubongo kupungukiwa na dopamini, kitu kinachosaidia misuli kwenda kwa wepesi na mpangilio. Misuli ya ulimi na koo nayo ni misuli. Mate hayamwagiki kwa kuwa yamezidi, bali kwa kuwa mtu hameza mara nyingi kama zamani. Maji ndiyo hatari kuliko uji mzito, kwa sababu yanakwenda mbio kabla koo halijajifunga. Na wengine hawakohoi kabisa: maji yanaingia mapafuni kimya kimya. Nimonia ya namna hii ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa wa Parkinson.

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa letu. Dawa ya babu, levodopa, humezwa mara kadhaa kwa siku, na nguvu yake hupungua baada ya saa chache. Kwa kufunga, alikuwa anameza kidonge wakati wa daku, kisha basi mpaka jua lizame. Kwa hiyo magharibi ndiyo saa ambayo mwili wake ulikuwa mgumu kuliko zote, na koo pia. Saa hiyo hiyo ndiyo tuliyompa maji na kumharakisha.

Tulipomwambia asifunge tena, alilia. "Mnaninyima ibada yangu," alisema. Maalim wetu alikuja akakaa naye. Alimkumbusha kwamba aya za funga katika Suratul Baqara zenyewe zimemtaja mgonjwa na kumfungulia mlango, na kwamba wanazuoni wamesema mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona humlisha maskini mmoja kwa kila siku. Akamweleza kuwa Mwenyezi Mungu anapenda ruhusa zake zichukuliwe. Anayeikataa ruhusa akidhani amezidi kwa ucha Mungu, amejiwekea sheria yake mwenyewe. Babu alinyamaza, kisha akauliza fidya ni kiasi gani. Nilijifunza kwamba kumwambia mtu "usifunge" bila kumwonyesha ibada iliyobaki mkononi mwake ni kumvua kitu na kumwacha uchi.

Lakini swali gumu zaidi lilikuja baada ya Idi. Daktari alishauri uji mzito, chakula laini, maji kwa kijiko. Babu akakataa. "Mimi si mtoto mchanga. Nataka mukeke na ugali, na maji ya kunywa kama watu." Bibi akasema kumnyima mzee maji ni ukatili, Mungu atatuuliza. Baba mdogo akasema tumlishe uji hata kwa nguvu, maana mwili ni amana na haturuhusiwi kujitupa katika maangamizo.

Wote wawili walikuwa na hoja ya dini. Mimi nasema hivi. Ni kweli mwili ni amana, lakini mwenye amana ya kwanza ni yeye mwenyewe. Babu ana akili timamu, anaswali, na ataulizwa juu ya nafsi yake kama mimi nitakavyoulizwa juu ya yangu. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi tumekatazwa kuwalazimisha wagonjwa wetu kula na kunywa. Na kumfungua mzee kinywa kwa nguvu ni kumdhalilisha, pamoja na kuwa ndiyo njia ya haraka ya kumpalia. Hata hivyo, kumwachia kikombe na kwenda zetu kwa kisingizio cha kumheshimu si heshima, ni uvivu. Wajibu wetu ni kumweleza hatari kwa ukweli, kumsikiliza, kisha kutafuta naye njia.

Tukafanya shura, naye akiwemo. Sasa anakula dawa ikiwa imeshika, baada ya kama saa moja, maana samaki akiliwa pamoja na kidonge huweza kukipunguzia nguvu. Anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, tonge dogo, na hakuna anayemsemesha akiwa anatafuna. Bibi anamtoa mukeke miiba yote na kumponda katika mchuzi wa mawese. Maji anakunywa kidogo kidogo, kwa kikombe chake mwenyewe. Hatari haikuisha. Lakini ameichagua akiijua.

Limebaki moja. Zamani aliacha kuja kwenye sinia kwa aibu ya mate, na kwa kuwa kuna aliyemkemea kwa kula kwa mkono wa kushoto, hali Imam Nawawi ameeleza kuwa mwenye udhuru hana lawama. Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, alisimama mbele ya dunia nzima Atlanta mwaka 1996 mikono ikitetemeka, akawasha mwenge. Kama yeye hakujificha, kwa nini tumfiche babu chumbani?

Ndugu msomaji, Qur'ani imetukataza hata neno dogo la kuwachoka wazazi. Tusidhani tumelitimiza hilo kwa kunyamaza tu. Mimi sikusema neno baya jioni ile, nilisema "kunywa upesi." Nia yangu ilikuwa njema, na naomba Mwenyezi Mungu aipokee. Lakini nia haikuyazuia maji yasiingie kwenye mapafu ya babu. Elimu ingeyazuia. Basi mwenye mzee nyumbani na amtazame anavyomeza, na aulize kabla ya kulisha.

Wabillahi tawfiq.